Uzi: Naifufua shotgani ya babu iliyoliwa na kutu, hatua kwa hatua

#1 · Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nina shotgani ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, geji 12 (kipimo cha upana wa tundu la mtutu), aliyoiacha babu. Ilikaa miaka mingi imeviringishwa blanketi ndani ya sanduku, na blanketi ndilo lililoimaliza. Kitambaa hunyonya unyevu wa hewani, kisha hukiatamia chuma nao mwaka mzima. Nilipoikunjua, mitutu ilikuwa na rangi ya udongo mwekundu toka mdomoni hadi kwenye chemba (pale risasi inapokaa), wenzo wa kuifungulia haukusogea hata kidogo, na kitako kilikuwa cheusi kwa mafuta na jasho. Humu nitaweka kila ninachofanya, nyumbani, kwa zana za kawaida. Siifufui ili niiuze. Nataka kutu isimame, na nataka mikono yangu ipite kila mahali ilipopita ya babu.

Mambo mawili kwanza, na sitayafupisha.

Kibali kipo. Umiliki ulihamishiwa jina langu kabla sijashika bisibisi. Sheria za silaha hutofautiana nchi kwa nchi, lakini karibu kila mahali bunduki iliyoshika kutu bado ni bunduki. Aliyerithi au kuikuta stoo aanzie kwa wahusika, ufundi utamsubiri.

La pili ni kujua kama imejazwa. Yangu haikufunguka, kwa hiyo sikuweza kuchungulia chemba. Nilichukua ufito mwembamba wa mbao, nikauingiza taratibu kwenye mtutu hadi ukagota, nikatia alama ya penseli usawa wa mdomo, kisha nikautoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha yake ilifika pale pale mtutu unapokutana na bodi, kile kipande cha chuma chenye mitambo ya kufyatulia. Mtutu wa pili vivyo hivyo. Kama ufito ungegota sentimita kadhaa kabla ya hapo, maana yake kuna kitu ndani. Huenda ni kiota cha mdudu, huenda ni risasi iliyosahauliwa. Ikiwa hivyo huendelei. Hugongi, hutii joto, humwagi mafuta. Unaiacha ilipo na kumwita fundi bunduki mwenye leseni au polisi. Na muda wote huo kichwa chako hakikai mbele ya mdomo, hata kama una hakika.

Kesho naanza na skrubu.

#2 · Nyaya Tatu

Mkuu, mbona unajitesa? Funga brashi ya waya kwenye mashine, saa moja chuma cheupe kama kisu kipya. Mimi pikipiki yangu nilifanya hivyo.

#3 · Mleta uzi

Ndugu, kwenye pikipiki sina ubishi. Hapa tatizo ni kwamba mashine haijui kutu inaishia wapi na chuma kinaanzia wapi. Chini ya ile kutu kuna alama zilizopigwa na waliopima mitutu (waliojaribu uimara wake kwa kuipiga), kuna namba, kuna michoro ya maua yenye kina cha ukucha. Brashi ya mashine huila kutu pamoja na kingo za herufi, na herufi ikishalainika hakuna wa kuirudisha. Kutu hutoka leo au mwakani, chuma hakirudi. Hiyo ndiyo kanuni pekee niliyojiwekea kwenye kazi hii.

#4 · Mleta uzi (mrejesho wa skrubu)

Siku tisa kwa skrubu kumi na moja.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana skrubu ya zamani hukabwa koo ndani ya tundu lake. Halafu skrubu za bunduki zina mfereji mwembamba mno. Bisibisi ya kawaida ina ncha kama kabari, hushika juu tu, ukilazimisha inaruka na kurarua mfereji. Nilichukua bisibisi tatu za bei nafuu nikazichonga kwa tupa na jiwe hadi kila ncha ikajaa mfereji wake, upana na kina, pande zake zikiwa sambamba. Kazi hiyo peke yake ilikula jioni mbili, na ndizo jioni mbili zilizookoa bunduki.

Kwa kulegeza nilitumia mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya gia za otomatiki, nusu kwa nusu, tone moja moja, asubuhi na jioni. Unawaka haraka kama petroli, kwa hiyo mbali na moto na madirisha wazi. Kisha unaikaza skrubu kidogo kwanza, ndipo unailegeza. Ile ya kubana wenzo ilikataa kabisa. Niliigusa kichwani kwa ncha ya moto ya kolea (chuma cha kulehemia) kwa nusu dakika, nikaacha ipoe, nikatia tone, nikarudia mara nne. Ya tano ikalia kama mlango wa zamani, ikageuka.

Kila skrubu ikitoka iliingia kwenye kadibodi. Nilichora umbo la bunduki, nikatoboa vitundu, kila skrubu ikakaa mahali pake. Mafundi wa zamani walizichonga moja moja ili mifereji yote ielekee upande mmoja zikikazwa. Ukizichanganya, hata zikiingia, hazitakaa sawa tena.

Ndani ya bodi sikufungua springi kuu. Springi za bapa zina nguvu ya kuvunja kidole na zina tabia ya kukatika zikibanwa vibaya. Hilo nimemwachia fundi.

#5 · Mzee wa Jiliwa

Kijana, umeanza vizuri. Kabla hujagusa kutu ya mitutu, itundike. Pitisha kamba kwenye ndoano ya chini, iache ining'inie bila kugusa kitu, kisha igonge kwa fundo la kidole. Ikilia kama kengele, ubavu ule wa chuma unaounganisha mitutu miwili bado umeshika. Ikijibu dwi kama gunia, lehemu imeachia mahali, na kutu imeingia katikati usipoona.

Na usije ukajaribu ule weusi wa kutumbukiza kwenye magadi makali yanayochemka. Ule ni wa bunduki za mtutu mmoja. Ubavu wa shotgani nyingi za mitutu miwili umeshikwa na lehemu laini ya madini ya risasi na bati, na yale magadi huila lehemu. Nimepokea mitutu iliyofumuka kama ganda la njegere.

#6 · Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo na asante. Nimeitundika. Imelia, tena mlio umekaa masikioni sekunde kadhaa. Nimejikuta naigonga tena na tena.

#7 · Mleta uzi (kutu ya nje)

Mitutu nimeipaka mafuta mepesi, nikaiviringisha kitambaa kilicholowa mafuta hayo hayo, siku tatu. Kisha nimetumia kipande cha shaba. Shaba ni laini kuliko chuma cha mtutu lakini inatosha kuibandua kutu, kwa hiyo hukwangua kimoja na kukisamehe kingine. Unaishika kwa pembe ndogo, unasukuma juu ya mafuta, uji mwekundu unajikusanya mbele, unaufuta. Baada ya hapo stilwulu namba 0000, ile laini kabisa, nayo na mafuta. Stilwulu kavu inachuna.

Vishimo vimebaki, na nimeamua vibaki. Kuvifuta ingebidi niteremshe chuma chote hadi usawa wa shimo la chini, na ukuta wa mtutu wa shotgani kuelekea mdomoni hauna unene wa kuchezea.

Kosa langu moja niliweke hapa ili lisirudiwe. Kipande kidogo cha chini ya bodi nilikiloweka kwenye siki usiku kucha. Asubuhi kutu ilikuwa imetoka, kweli. Lakini pembezoni mwake, chini ya kutu, kulikuwa na mabaki ya zile rangi za mawingu, bluu na kahawia, zinazopatikana kwa kufukia chuma kwenye mkaa wa mifupa, kukipasha moto hadi kiive, kisha kukizamisha majini. Rangi hizo ni ngozi nyembamba sana. Siki imezila zote, kimebaki kijivu kama sarafu iliyochakaa. Nimekaa nacho mkononi muda mrefu. Zilidumu maisha yote ya babu, na mimi nilizimaliza kwa usiku mmoja. Asidi yoyote, hata ya jikoni, haichagui. Huondoa kutu, huondoa weusi wa zamani, huondoa rangi.

#8 · Nyaya Tatu

Pole mkuu. Vipi ile ya kutumia chaji ya betri na magadi ya kufulia? Nimeona watu wanaisifia, kutu inatoka bila kusugua.

#9 · Mleta uzi

Inafanya kazi, na kwa kipande cha chuma kitupu ni nzuri. Kifaa chako kinakaa upande wa hasi, upande wa chanya unaweka chuma chakavu, volti 12, ndani ya maji yenye magadi. Mambo matatu: chuma chakavu kisiwe kile kisichoshika kutu, kwa sababu kina kromiamu na maji yatakuwa sumu, fanyia nje, maana inatoa haidrojeni, na haigusi ndani ya mashimo ipasavyo, kwa kuwa umeme hufuata pale panapotazamana. Nimeitumia kwa pete ya kitako na skrubu mbili. Springi na vipande vilivyokomazwa sikuvitia, kwani haidrojeni inaweza kuingia ndani ya chuma kigumu ikakifanya kivunjike kama kioo. Mitutu nayo sikuitia, maji yakiingia chini ya ubavu utayatoaje?

#10 · Mleta uzi (NILICHOKIKUTA)

Wakuu, kazi imegeuka.

Chini ya mitutu, pale bapa panapolala juu ya bodi, nimesafisha hadi alama zikasomeka. Kuna umbo la yai lenye herufi ELG na nyota. Hiyo ni alama ya nyumba ya upimaji ya Liège, Ubelgiji, mji ambao umekuwa ukipima mitutu tangu karne ya 17. Sijaona alama ya kupimwa kwa baruti isiyo na moshi, yaani ya kisasa, ingawa nimetafuta kwa kioo cha kukuzia kila kona.

Halafu jana, nikiwa najaribu dawa ya kuita kutu (ya kuipa mitutu rangi, nitaieleza mbele) kwenye sehemu ndogo inayofichwa na mbao ya mbele, nimeiacha saa chache nikarudi. Chuma kilikuwa na michirizi. Mistari midogo midogo inajipinda, inarudi, inajipinda tena, kama maji yanayozunguka jiwe. Nilidhani ni alama za stilwulu. Nikasugua, nikarudia. Imerudi ile ile.

#11 · Mzee wa Jiliwa

Hiyo ni Dameski, kijana. Weka chini kila kitu kwanza.

Mtutu wako hautokani na mhimili mmoja uliotobolewa. Walichukua fito za chuma laini na za chuma kigumu, wakazipanga, wakazifua kuwa fimbo moja, wakaisokota ikiwa ya moto kama kamba. Kisha wakaunganisha fimbo kadhaa kuwa mkanda, wakauzungusha mkanda juu ya mhimili na kuufua hadi kingo zikashikana. Kila mchirizi unaouona ni mahali vyuma viwili vinapokutana. Kimoja hushika kutu upesi kuliko kingine, ndiyo maana dawa yako imeufichua. Kule Liège, na hasa Nessonvaux kwenye bonde la mto Vesdre, vijiji viliishi kwa kazi hiyo, na mitutu yao ilinunuliwa na watengeneza bunduki wa nchi nyingine. Vita ya 1914 iliikata pumzi biashara hiyo, nayo mitutu ya chuma cha kisasa ilikuwa tayari imeishinda kwa bei na kwa nguvu.

Sasa sikiliza. Mitutu hii ilizaliwa zama za baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi ilivumbuliwa Ufaransa mwaka 1884 na Paul Vieille, na inasukuma kwa namna nyingine kabisa. Tena chemba za zamani nyingi zina urefu wa milimita 65, na risasi nyingi za leo ni za milimita 70 ganda likishafunguka. Itaingia, itafunga, utadhani imekaa. Ukiipiga, mdomo wa ganda lake ukifunguka hauna nafasi, shinikizo linapanda.

#12 · Mwindaji Mstaarabu

Mzee, kuna Dameski zilizopimwa kwa baruti ya kisasa na zimepita. Zipo hadi leo zinapigwa. Tusiwatishe watu.

#13 · Mzee wa Jiliwa

Zipo, sikatai, na nimezishika. Hizo zina alama ya upimaji huo, zina unene uliopimwa, na hazikulala kwenye blanketi. Yake haina alama na imeliwa. Kutu inaweza kuingia kwenye mshono wa mkanda ikasafiri ndani ya ukuta, na jicho lisione kitu.

#14 · Mleta uzi

Nimeipeleka kwa fundi mwenye leseni. Amepima kuta za mitutu yote miwili kila baada ya sentimita chache. Kuelekea mdomoni hali ni ya kuridhisha. Mbele kidogo ya chemba ya kulia kuna vishimo kwa ndani, kimoja kirefu. Ameniambia vimetokana na fataki za zamani, vile vidude vya kitakoni mwa risasi vinavyoiwasha baruti. Zile zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi. Chumvi hunywa maji ya hewani, na mafuta hayaiyeyushi, ni maji tu yanayoiosha. Kwa hiyo mtu alikuwa akipaka mafuta kila anaporudi porini, kwa uangalifu kabisa, na chumvi ikawa inafanya kazi yake chini ya mafuta. Nadhani babu alifanya hivyo. Aliitunza kwa njia aliyoijua.

Jibu la fundi: isipigwe tena, kwa risasi yoyote, hata dhaifu. Nimekubali. Kusema kweli iliniuma siku mbili, kwa kuwa nilikuwa nimejiahidi risasi moja tu ya kumkumbuka. Lakini bunduki hupasuka pale mkono wa kushoto unaposhika, na sioni namna ya kumuenzi mtu kwa kujikata vidole.

Kazi inaendelea, lengo limebadilika. Sasa nataka ile michirizi ionekane.

#15 · Mleta uzi (rangi ya mitutu)

Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Unaitibu kutu kwa kutu.

Kutu nyekundu ni mlegevu, inaruhusu unyevu kupita na kula zaidi. Lakini ukiichemsha kwenye maji, inageuka kuwa oksaidi nyeusi, magnetaiti, ambayo hushika chuma na kushikilia mafuta. Kwa hiyo unaiita kutu kwa hiari yako, safu nyembamba sawasawa, unaichemsha, unasugua vumbi linalobaki juu, unarudia.

Nilifuta mitutu kwa asetoni hadi kitambaa cheupe kikatoka cheupe, na tangu hapo sikuigusa bila glavu. Alama ya kidole ni mafuta, na mafuta hukataa dawa. Mashimo niliyaziba kwa vigingi vya mbao pande zote mbili, navyo vikawa mishikio. Dawa nilinunua iliyo tayari. Kuchanganya asidi za naitriki na haidrokloriki nyumbani ni hatari nisiyoiona sababu yake. Unaipaka kwa pamba iliyokamuliwa karibu kukauka, mpigo mmoja mrefu, hurudii juu yake ikiwa mbichi. Unaitundika kwenye kabati lenye bakuli la maji moto. Baada ya saa nne hivi, mitutu ilikuwa imeota vumbi la rangi ya chungwa, laini kama poda ya maua.

Kisha chombo kirefu, maji yaliyosafishwa yanayochemka, dakika ishirini. Unaona rangi ya chungwa ikizama na kuwa nyeusi mbele ya macho yako. Lehemu laini haisumbuki, kwani huanza kuyeyuka karibu nyuzi 183 na maji hayavuki 100. Nilikuwa nimempa fundi aangalie kama ubavu una mwanya wa kuingiza maji, akaziba palipokuwa na shaka. Ikitoka na kukauka, inasuguliwa kwa stilwulu 0000 iliyooshwa mafuta yake, mkono mwepesi.

Mzunguko wa kwanza ulinivunja moyo, kijivu chenye madoa. Wa tatu ukaanza kutulia. Wa saba nikasimama. Michirizi ilikuwa imetoka mtutu mzima, hata ndani ya vishimo, inapita humo kama njia inavyoshuka bondeni na kupanda tena. Niliizima dawa kwa maji ya magadi ya kuokea, nikaosha, nikakausha, nikailoweka mafuta ikiwa bado na joto.

#16 · Sindano na Uzi

Naomba kuuliza kuhusu mbao, maana nami nina kitako cha zamani. Ulitumia msasa?

#17 · Mleta uzi

Dada, msasa uje mwisho kabisa. Cha kwanza ni kutoa mafuta. Nilitengeneza uji wa chaki ya unga na asetoni, nikaupaka, nikaacha ukauke. Ulitoka na rangi ya chai. Mara tano. Chini yake ni mjozi mwekundu wenye mawimbi, sikuwahi kujua. Sehemu zilizobonyea ziliinuka kwa kitambaa chenye maji na pasi ya moto: mvuke huingia kwenye nyuzi za mbao zilizobanwa, zikavimba na kurudi. Pale zilipokatika hazirudi.

Usipige msasa pale mbao inapokutana na chuma. Mbao ikishuka chini ya usawa wa chuma, kazi nzima itaonekana ya ovyo hata kama sehemu nyingine zote ni safi. Na ile mistari ya msalaba kwenye shingo, isafishe kwa mswaki tu. Ufa niliutia gundi nikaubana siku nzima.

Kumalizia ni mafuta ya kitani, matone machache kwa kiganja, unasugua hadi mkono upate moto, unaacha kikauke, siku inayofuata tena. Nilifika safu kumi na mbili. Tafadhali, vitambaa vya mafuta hayo usivikunje na kuvitupa pembeni. Vinapokauka hutoa joto, na vikiwa vimerundikana huweza kuwaka vyenyewe bila mtu kuwasha. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au vitie kwenye kopo la maji.

#18 · Mwindaji Mstaarabu

Nimefuatilia toka mwanzo. Sasa imekamilika unaihifadhi vipi? Usirudishe blanketini.

#19 · Mleta uzi

Blanketi nimelitoa kabisa. Kutopigwa hakubadilishi kibali chake, kwa hiyo inakaa ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, kama silaha nyingine yoyote. Imesimama mdomo chini, ili mafuta ya bodi yateremkie kwenye mitutu badala ya kuingia kwenye shingo ya kitako. Ndiyo yaliyokuwa yameilainisha na kuipasua ile mbao. Kila mwezi naitoa, naifuta kwa kitambaa chenye mafuta, naangalia kile kishimo kirefu cha kulia kama kimebadilika rangi. Mwezi uliopita hakikubadilika. Huu nimeangalia jana, bado ni cheusi.